Kalolaine na Kadi Zilizohama Mikono

Kalolaine wa Semisi hajui kupika. Nianze na hilo, kwa sababu akina mama wa hapa kwetu visiwa vya Ha'apai huanza na hilo kila wanapomtaja, na mimi Manusiu, binamu yake upande wa mama, sina sababu ya kumfichia. Mwachie tanuri la ardhini asubuhi ya Jumapili uone: viazi vikuu vitatoka vyeusi nje na vibichi ndani. Lakini sema jambo lolote kwa uhakika mbele yake, atakuuliza, "Umejuaje?" Ndivyo alivyo tangu utotoni. Siku moja mama mkwe wangu alisema kwamba mtoto anayezaliwa wakati upepo wa kusini unavuma lazima awe mkaidi. Kalolaine, kasichana ka darasa la nne, akadakia: "Na wakaidi waliozaliwa na upepo wa kaskazini, umewahesabu?" Akala kofi. Sikumwonea huruma, maana nilikuwa nacheka.

Basi swali lake hilo likampeleka shule, shule ikampeleka Suva, na huko Fiji akasomea saikolojia. Sisi tulidhani atarudi anasoma mawazo ya watu. Alirudi na miwani minene na tabia ileile.

Alirudi mwaka uliofuata kimbunga. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshaezekwa upya, migomba imeota, ukipita barabarani ungesema kijiji kimepona. Ila wanawake walikuwa hawalali. Mimi mwenyewe bati likigongagonga kidogo tu nakaa kitandani, macho wazi, moyo unadunda. Na aliyezidi wote alikuwa Talahiva, mdogo wake Kalolaine, tumbo moja. Mumewe yuko Australia anachuma matunda mashambani, na kimbunga kilimkuta peke yake na mtoto mchanga. Paa liling'oka yeye yuko chini ya meza, kamkumbatia mwanawe. Tangu siku hiyo jani la mnazi likianguka uani anaruka. Alikonda, akawa anasahau chungu motoni, akawa anamlilia mtoto badala ya mtoto kumlilia yeye. Ukimuuliza, "Umelala, mama?" anakwambia, "Nimelala kidogo," na macho yake mekundu yanakwambia mengine.

Kalolaine alikuja na mpango. Muuguzi kutoka mji mkuu wetu Nuku'alofa, Nesi Fusipala, angekaa na akina mama kila Alhamisi jioni kwa wiki nane, awafundishe kutuliza mwili, kuvuta pumzi, kuizungumza hofu mpaka ipungue makali. Lakini waliotoa fedha walikuwa na sharti: waonyeshwe kwanza kama mafunzo yanasaidia kweli. Yakisaidia, watalipia kijiji chote na visiwa vingine. Yasiposaidia, au hesabu ikiwa na kasoro, basi, kila mtu abaki na upepo wake.

Kwa hiyo akatuita kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake sitini, akatuambia tutagawanywa nusu kwa nusu. Nusu wafundishwe sasa, nusu wasubiri zamu yao.

Nikasimama. Mimi siwezi kukaa na jambo rohoni. "Wewe Kalolaine, wote tunateseka. Kwa nini usitufundishe wote kwa pamoja?"

"Kwa sababu msimu wa upepo unaisha, dada," akajibu. "Upepo ukitulia, kila mtu atalala vizuri zaidi, aliyefundishwa na asiyefundishwa. Nikiwafundisha wote halafu wote mkapata nafuu, nitajuaje kama ni mafunzo au ni upepo? Wanaosubiri ndio watakaonionyesha upepo peke yake umefanya nini."

"Haya. Basi wachukue waliojiandikisha mwanzo."

"Anayewahi kujiandikisha labda ana nguvu kuliko wenzake. Aliyechoka kabisa anakuja mwisho. Nataka makundi yafanane, na hakuna kitu kisichojua sura ya mtu isipokuwa kura."

Tukakubali, shingo upande. Kwanza kila mmoja alipewa kadi yenye namba, bila jina, na karatasi ya maswali: wiki hii umeshtuka mara ngapi, umelala vipi, hofu imekuzuia kazi? Unatia alama kuanzia "hata kidogo" hadi "kila siku." Unaandika namba yako juu, unatumbukiza sandukuni. Kalolaine muda wote ametupa mgongo, anatazama ukuta. Alisema hata yeye haruhusiwi kujua nani kaandika nini wala nani yuko kundi lipi, maana akijua, moyo wake utataka kuona nafuu hata mahali haipo. Ilipofika wakati wa kura, Nesi Fusipala akamtoa nje. Kura zilitiwa kwenye bakuli kubwa ambalo waume zetu hunywea kava jioni, wakanuna wiki nzima, na msomi wetu akakaa nje kwenye tangi la maji pamoja na nguruwe.

Kura yangu ilisema nisubiri. Ya Talahiva ilisema afundishwe. Aliikumbatia ile kadi yake akalia, nami nikalia naye, roho yangu ikatulia. Nikasema moyoni, mimi nisubiri tu hata mwaka, huyu mtoto apone.

Alhamisi ya kwanza nikamwona Shangazi Toakase anapanda ngazi za ukumbi, amejifunga mkeka wake wa kiunoni ule mzuri, vazi letu la heshima, anakwenda mafunzoni. Toakase ni dada mkubwa wa Semisi, baba yao Kalolaine na Talahiva. Kura ilikuwa imemwambia asubiri, mimi niliona kwa macho yangu. Sikushangaa. Nani angeshangaa? Hapa kwetu shangazi yako hatanguliwi na mtu. Kwenye msiba anakaa kichwani pa maiti, na mikeka bora anachukua yeye. Kwenye harusi anakata keki kabla ya bibi harusi kuiona. Sasa kitu kizuri kimekuja kijijini, mtoto wa kaka apate, shangazi akose? Talahiva alimpelekea kadi nyumbani, akaketi chini mlangoni, akaiweka mbele yake bila kusema neno. Shangazi naye akampa ya kwake. Na si wao tu. Watoto wa kaka walikuwa wakipeleka kadi kwa shangazi zao kijiji kizima, kimyakimya, kwa adabu. Shangazi yangu mimi yuko Auckland, namshukuru Mungu.

Nesi Fusipala hakumjua mtu. Yeye aliangalia namba: namba ipo, mwenyewe yupo, karibu ukae. Na Kalolaine kila Alhamisi alijifungia kwa mchungaji alikopanga chumba, asije akaona nani anakwenda wapi. Tulikuwa tunamtania: "Ziba na masikio, Profesa, utatusikia tukikoroma!"

Wiki nane zikaisha, tukajaza karatasi zilezile kwa namba zilezile. Kalolaine akapeleka kila kitu kwenye kompyuta yake. Kesho yake alikuja kwangu anakimbia, viatu mkononi.

"Manusiu! Wastani wa hofu ya waliofundishwa umeshuka kwa zaidi ya nusu! Wanaosubiri hawajasogea, wengine wamezidi kuwa vibaya!"

"Ni vizuri hivyo?"

"Vizuri? Hata vitabuni sijaona!"

"Na mwalimu wako wa Suva anasemaje?"

Akapunguza mwendo kidogo. "Profesa Nirmala anasema namba ni nzuri mno, nizitazame tena kabla ya Jumanne. Nimezitazama. Nimejumlisha mara nne. Hakuna nilipokosea."

Jumamosi tukafanya karamu. Nguruwe wawili, samaki wabichi kwenye ndimu, majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui la nazi. Kalolaine alikatazwa kusogelea jiko. Baada ya kula wakubwa wakatoa hotuba, na Shangazi Toakase akasimama. Anaongea vizuri yule mama, mwizi wa machozi ya watu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru nesi, akamsifu Kalolaine mtoto wa kaka yake. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwa akina dada wadogo waliokaa nyuma na sahani za watu.

"Na zaidi nawashukuru hawa watoto wetu," akasema, "waliopata kura wakatupisha sisi shangazi zao. Elimu imekuja na adabu haikuondoka. Kadi yangu ilikuwa ya Talahiva. Mungu ambariki."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama Kalolaine, na nakwambia, uso wote ulimpauka. Alitabasamu mpaka hotuba ikaisha, kisha akainuka taratibu akatoka. Nilimkuta nyuma, kwenye ua wa nguruwe, amechuchumaa.

"Una nini wewe? Umekula pweza mbovu?"

"Wangapi?" akauliza. "Manusiu, waliobadilishana ni wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Wanane, labda kumi. Kwani kuna nini? Walifundishwa watu idadi ileile."

"Kuna nini!" Akaanza kulia. "Namba ya kadi hiyo mara ya kwanza ilijazwa na mdogo wangu ambaye halali. Mara ya pili imejazwa na shangazi ambaye hata kimbunga chenyewe kilimpita amelala! Mimi nimeandika kwamba namba hiyo imepona. Nani amepona? Hakuna aliyepona! Na huku kwa wanaosubiri ni kinyume chake, shangazi kaanza vizuri, Talahiva kamalizia vibaya. Ndiyo maana ikatokea tofauti kubwa vile."

Hapo ndipo nilipoelewa. "Na Talahiva hakufundishwa."

"Hakufundishwa hata siku moja. Na nikisema ukweli, wenye fedha watafunga mkoba, na zamu ya pili haitakuwepo. Nikinyamaza, Jumanne nazituma, fedha zinakuja, Talahiva anafundishwa." Akajipangusa pua kwa mkono. "Ila mafunzo yenyewe sijui kama yanafaa. Sijui, unaelewa? Naweza kuwa nampelekea maji nikimwambia ni dawa, yeye na visiwa vyote."

Nilimwambia anyamaze. Ndiyo, mimi nilimwambia hivyo, na ningemwambia tena; Talahiva alikuwa anaisha mbele ya macho yetu. Na hatukuwa peke yetu. Shangazi Toakase alikuwa amesimama kwenye kona ya ukumbi, amesikia yote.

"Binadamu wameshashukuriwa, nguruwe wameshaliwa," akasema. "Tuma hizo hesabu, mwanangu. Mimi ndiye shangazi yako, nimesema."

Kwa mgeni haya ni maneno. Kwetu sisi, shangazi akisema nimesema, hata baba yako aliyekuzaa hana rufaa. Kalolaine akakaa chini kwenye tope na gauni lake jeupe, ili kichwa chake kiwe chini ya cha shangazi. Nikajua yameisha. Kisha nikasikia sauti ndogo.

"Shangazi, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Huyu nguruwe mdogo hapa, tukimpima leo, tukaanza kumpa chakula kipya. Baada ya wiki nane tukampima mama yake. Tutasema chakula hicho kinanenepesha?"

Shangazi akamtazama nguruwe mdogo, akamtazama nguruwe mama, akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye huyu nguruwe mama?"

Mungu wangu! Nilitaka ardhi ipasuke. Kalolaine akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Hapana, Shangazi! Nisamehe, Shangazi! Sikumaanisha—"

Lakini Toakase alikuwa anatikisika. Nikadhani ni hasira, kumbe anacheka, anacheka mpaka ameshikilia ukuta. Alicheka akaishiwa pumzi, akavuta hewa kwa pua vile alivyofundishwa na nesi, akacheka tena. Halafu ghafla akaacha.

"Mimi nalala vizuri tangu nizaliwe," akasema. "Sikuihitaji hiyo Alhamisi. Lakini mtoto ameketi mlangoni ameniwekea kadi mbele, ningeikataaje? Ningemwaibisha. Naye asingeileta angejiaibisha." Akamgeukia Kalolaine. "Nilijua halali. Sikujua kwamba ile ndiyo dawa yake nimeibeba. Inatengenezeka?"

"Labda," Kalolaine akasema. "Kila mtu akija akasema kadi gani alishika mwanzo na gani alishika mwisho, nitamrudishia kila mtu majibu yake. Halafu nitahesabu kwa jinsi kura ilivyoanguka siku ile. Kura ilimpa Talahiva mafunzo, basi nitamhesabu kwa waliofundishwa, ingawa hakwenda. Wewe nitakuhesabu kwa wanaosubiri, ingawa ulikwenda."

"Mbona hivyo? Huo si ndio uongo wenyewe?" nikauliza.

"Nikianza kuwahamisha watu kufuata waliokwenda, nitakuwa nimetupa kura na kuweka vyeo mahali pake. Kundi moja shangazi tupu wasio na hofu, kundi jingine wasichana wenye watoto wachanga. Tofauti yao itakuwa ya vyeo. Kwa kura, tofauti itapungua, itapungua sana, lakini itakayobaki itakuwa ya kweli. Kama itabaki."

"Na hawatakuja," nikasema. "Nani atakubali kusema mbele za watu kwamba alimpa shangazi yake kitu halafu kitu chenyewe kikaharibu mambo?"

Shangazi Toakase akakung'uta mkeka wake. "Watakuja," akasema.

Walikuja wote. Jumatatu asubuhi alikaa kwenye kiti mlangoni pa ukumbi, na wanawake sitini wakapita mbele yake mmoja mmoja, hata wale waliokuwa na haya. Wale shangazi wengine saba aliwafuata majumbani kwao mwenyewe, na sijui aliwaambia nini. Kalolaine alikuwa ameshampigia Profesa Nirmala, akamweleza kila kitu bila kupunguza. Profesa akasema: "Fanya hivyohivyo, uandike na sababu. Tutaona."

Hiyo Jumanne siitaki tena maishani. Kalolaine yuko na kompyuta kwenye sebule yangu, umeme unakatika unarudi, Talahiva amekaa mlangoni anamnyonyesha mtoto na kuangalia angani kama kuna mawingu. Alikuwa ameshaelezwa. Alikuwa amesema tu, "Sikutaka kuharibu kazi yako, dada," na hilo lilimliza Kalolaine kuliko lolote. Mimi nilikuwa natwanga kitu ambacho hakikuhitaji kutwangwa. Shangazi amekaa kwenye kiti changu kizuri, amefumba macho.

Simu ikalia. Kalolaine akasikiliza, anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, na mimi nikataka kumrukia. Akaweka simu mezani.

"Imepungua," akasema.

"Imepungua imeisha?" nikapiga kelele. "Sema kama mtu!"

"Imepungua, lakini ipo! Si nusu tena, ni kama robo. Profesa kaijaribu mwenyewe upande wake. Anasema bahati peke yake ingeleta tofauti kama hii kwa nadra sana, na kwamba ile kubwa hakuiamini tangu mwanzo, hii anaiamini. Amewasomea wenye fedha. Wamekubali, kwa sababu tumesema wenyewe kabla ya kuulizwa." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Inafaa, Talahiva! Si maji! Inafaa kweli!"

Tulikumbatiana pale mpaka mtoto akapiga mayowe. Nikakaa sakafuni na mchi mkononi.

Zamu ya pili ilianza mwezi uliofuata, mimi na Talahiva tumo. Kalolaine siku hizi ana kazi yake, anazunguka visiwani, na kura hapigii mtu mmoja mmoja tena. Anapiga kwa ukoo mzima, shangazi na watoto wa kaka waangukie upande mmoja, wasipate wa kumpisha. Wenzake wa Suva walimuuliza kitabu gani kinasema hivyo, akawaambia ni nguruwe wa kwao. Bado hajui kupika.

Na Talahiva? Nikwambie. Wiki ya saba ya mafunzo yetu, Jumapili, upepo ulianza kuvuma tumo kanisani. Si mdogo. Bati la kanisa likaanza kugonga, ta-ta-ta, na wanawake wote tukashika viti. Mimi nikavuta pumzi, nikahesabu, nikaitoa polepole. Kisha nikageuka haraka kumtafuta Talahiva, maana nilijua ameshasimama anakimbia na mtoto.

Alikuwa benchi la nyuma. Kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi, mtoto kifuani naye hoi. Amelala. Bati linagonga na amelala, anakoroma hata mchungaji akasikia akasita. Mzee mmoja wa kanisa akainuka na fimbo yake ile ya kuwagusa wanaosinzia ibadani.

Shangazi Toakase aliinua mkono mmoja tu, bila kugeuka. Mzee akakaa. Mchungaji akashusha sauti, akamaliza mahubiri yake kwa kunong'ona, na sisi sote tukaimba wimbo wa mwisho polepole, kwaya yetu haijawahi kuimba kwa sauti ya chini vile, ili asiamke.